Miaka miwili na nusu Italia tunaishi kwa risiti ya posta, halafu mnasema tunakula bata

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule kwenye safari na utalii. Huu ni wa malalamiko, aliyekuja kutafuta picha za pizza apite tu.

Kilichonichokoza ni picha. Jumapili mke wangu aliweka picha kwenye grupu la familia, tuko Venice, gondola iko nyuma yetu. Hazikupita dakika mbili mdogo wake akaandika: "Shemeji mnakula bata tu huko, sisi mmeshatusahau." Wakajazana na vicheko. Sasa niwaambie, hiyo gondola hatukuipanda. Ni euro 90 kwa nusu saa. Tulitoka nyumbani na chapati na maharage kwenye hotipoti, tukala tumesimama uchochoroni, maana pale San Marco ukikaa kwenye ngazi ukafungua chakula ni faini. Bata gani huyo?

Tuje kwenye hoja. Mke wangu yuko hapa anasoma shahada ya uzamivu, mimi nimemfuata kama mwenza. Ndiyo, mwanaume nimemfuata mke. Wale wa "umeolewa" andikeni mkimaliza nitawajibu kwa pamoja. Tulitua Septemba 2022, mkoa wa Emilia-Romagna, mji sitautaja kwa sababu bado nina faili kwao.

Ukiingia Italia kwa viza ya muda mrefu una siku 8 za kazi uombe kibali cha kuishi, wenyewe wanakiita permesso di soggiorno. Kinatolewa na polisi, ila kukiomba unakwenda posta. Unapewa bahasha kubwa yenye fomu, unajaza, unabandika stempu ya euro 16 ambayo inauzwa kwa muuza sigara (usiniulize kwa nini, tafuta duka lenye herufi T kubwa nje), unalipa euro 70.46 za kadi na kodi yake, na euro 30 za posta kwa kazi ya kupokea bahasha. Jumla euro 116.46 kwa kichwa kimoja. Sisi ni vichwa viwili. Ukimaliza, dada wa dirishani anakupa kikaratasi, ricevuta, yaani risiti. Chembamba kama cha supermaketi. Hicho ndicho kitambulisho chako mpaka kadi itoke.

Sheria yao wenyewe inasema kibali kitoke ndani ya siku 60. Sisi tuliitwa kuchukuliwa alama za vidole Februari 2023, mwezi wa tano tangu tulipe. Barua ikatutaka tufike saa 3 na dakika 14 asubuhi. Hizo dakika 14 zilinipa moyo sana, nikasema hawa ni Wazungu, wanahesabu hadi dakika. Tukafika saa 12 alfajiri kama tulivyoshauriwa na wenyeji wa foleni. Baridi inauma masikio, nje kuna Wapakistani, Wamoroko, Wanigeria, mama mmoja wa Kifilipino na kiti chake cha kukunja, mzoefu. Tuliingia ndani saa 6 na nusu mchana. Kufika kwenye mashine, vidole vyangu havisomi. Naosha vyombo kwenye mgahawa (Bongo nilikuwa mhasibu, tuendelee), ile sabuni imeshakula ngozi yote. Askari akanipangusa kidole kimoja kimoja kwa kitambaa cha spiriti, anapuliza, anabonyeza kwenye kioo, mashine inalia. Kumi vyote. Alikuwa mtu mwema kabisa, sina ugomvi naye.

Baada ya hapo ni kusubiri. Kwenye risiti kuna namba, unaingia kwenye tovuti yao unaangalia. Kila asubuhi kabla ya chai mke wangu alikuwa anaangalia, na kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile: in trattazione. Inashughulikiwa.

Kadi zetu tulipewa Novemba 2023. Nikaichukua, nikaigeuza, nikasoma tarehe ya mwisho. 30 Septemba 2023. Nikamrudishia dada wa dirishani nikidhani amekosea. Akaniambia kwa upole, hapana, hii ni yako, ila imeshaisha, muda unahesabiwa tangu ulipoomba. Sasa umeomba upya? Tulikuwa tumeomba, maana yule mzee wa patronato, zile ofisi za vyama vya wafanyakazi zinazosaidia watu kujaza fomu bure, alitwambia Agosti tutume bahasha ya pili hata kama ya kwanza haijajibiwa. Nikaona huyu mzee anatupoteza. Kumbe anawajua.

Ya pili ikatoka Juni 2024. Mwisho wake Septemba 2024, miezi mitatu. Agosti tukatuma bahasha ya tatu, na hiyo ndiyo tunayoisubiri mpaka leo.

Nikokotoe, kazi yangu ya zamani: bahasha tatu, watu wawili, euro 698.76. Kwa hela hiyo tumepata miezi mitatu ya kadi inayosoma. Kwa lugha nyingine tumekodi kadi kwa zaidi ya euro 230 kwa mwezi.

Mtasema, si unaishi tu, shida iko wapi? Shida ni kwamba risiti inafanya kazi ndani ya Italia peke yake. Nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipakani kati yao, huendi. Italia yenyewe utazunguka utakavyo, na tumezunguka kweli, sitaki kuwa mnafiki. Ravenna tumeona zile mozaiki za miaka 1,500, dhahabu inawaka kama imebandikwa jana. Matera watu wamechimba nyumba kwenye mwamba. Ila ukifika mpakani unageuka.

Aprili 2023 tulikwenda Gorizia, kaskazini-mashariki. Kuna uwanja pale mbele ya stesheni ya treni, mpaka wa Italia na Slovenia unapita katikati yake. Zamani kulikuwa na uzio, ukaondolewa 2004, sasa kuna duara tu la chuma chini kuonyesha hapa ni huku, hapa ni kule. Watoto wanapita na baiskeli. Bibi mmoja kapita na mfuko wa vitunguu, anatoka nchi moja kwenda nyingine, hata kichwa hakuinua. Mke wangu akasimama kwenye ukingo wa lile duara, ncha za viatu zimegusa mstari, akakataa kuvuka. Nikamwambia pita bwana, nani anaangalia? Akanijibu, "Na wakituuliza?" Tukapiga picha tumesimama upande wetu. Hiyo picha kwenye grupu hatukuiweka.

Januari 2024 mama mkwe akafariki, Tanga. Taarifa imeingia usiku, mazishi keshokutwa. Kulikuwa na tiketi ya kupitia Amsterdam asubuhi yake, bei nzuri, nafasi ipo. Nikataka kubonyeza kulipa, nikakumbuka nimpigie mzee wa patronato. Akasema usithubutu: mwenye kadi iliyokufa na risiti anaruhusiwa kwenda kwao na kurudi, lakini atoke Italia na aingie Italia bila kugusa nchi nyingine ya Schengen. Amsterdam hapana, Zurich hapana, Frankfurt hapana. Doha, Istanbul, Addis, sawa. Ya Doha ilikuwa siku inayofuata na bei karibu mara mbili. Mke wangu alikwenda peke yake kwa sababu hela ilitosha ya mtu mmoja. Alipofika Tanga na basi kutoka Dar alikuta wanaanua turubai.

Hapo ndipo mimi na hii nchi tuliachana moyoni. Mengine yote ni makero tu, nayataja kwa sababu nimeshaanza kuandika. Kuna kupanga nyumba: tuliangalia nyumba moja nzuri, dalali anafungua mlango wa jikoni, ndani kuna bomba limetoka ukutani na soketi. Sinki hakuna, jiko hakuna. Mpangaji aliyepita ameng'oa jiko lake kaondoka nalo, na ni kawaida! Kuna joto la jengo zima ambalo huku kaskazini linawashwa tarehe 15 Oktoba, hata kama tarehe 3 unatetemeka. Kuna umeme wa kilowati 3: ukiwasha oveni wakati mashine ya kufua inazunguka, giza, unashuka na tochi ya simu ngazi za ghorofa nne hadi stoo ya chini kurudisha swichi. Mwaka wa kwanza nilishuka sana. Sasa hivi tuna ratiba ukutani, siku ya kufua hakuna kuoka.

Na leseni. Wenye leseni za Bongo mnaokuja huku sikilizeni hili: ukishaandikishwa kuwa mkazi, inakupa mwaka mmoja tu, na lazima iambatane na ile ya kimataifa au tafsiri rasmi. Baada ya hapo huendeshi. Kuibadilisha haiwezekani, Tanzania haimo kwenye orodha yao. Moroko imo, Tunisia imo, Algeria imo. Nimeendesha Dar miaka kumi na moja, nimepita Kariakoo Desemba, nikaketi darasani na watoto wa miaka 18. Mtihani maswali 30, dakika 20, kweli au si kweli, ukikosa manne umefeli. Kiingereza hakuna, kuna Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa. Mara ya kwanza nilikosa manne. Nilichanganya carreggiata, ambayo ni barabara yote wanayopita magari, na corsia, ambayo ni njia moja ndani yake. Ukitafsiri zote "barabara" kichwani kama mimi, umekwenda na maji.

Huo mwaka mmoja wenyewe tulikodi gari tukaenda Toscana, siku mbili. Miezi minne baadaye zikaja bahasha mbili. Katikati ya miji mingi huku kuna eneo linaitwa ZTL, asiye na kibali haingii na gari, kamera inasoma namba, hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Mimi niliingia, nikapotea, nikazunguka, nikaingia tena pale pale. Faini mbili, euro 83 kila moja, ukilipa ndani ya siku 5 wanakupunguzia asilimia 30. Na kampuni ya kukodisha nayo ilishanikata hela kwa huduma ya kuwapa jina langu. Hili nakubali kosa ni langu, lakini iliniuma: faini imenifikia ndani ya miezi minne, kibali miezi kumi na minne.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba niliwahi kufanya kazi hotelini Zanzibar, pwani ya Kiwengwa, ambako vijana wa ufukweni wanaongea Kiitaliano kabla ya Kiingereza. Mwitaliano anatua, dola 50 za viza, anagongewa siku 90, jioni yuko baharini na madafu. Nasikia na Malindi hadithi ni hiyohiyo, wamejenga hadi nyumba. Wala siwaonei wivu, waje, wametulipa mishahara. Ila wale kule wanaitwa expat. Mimi hapa kwenye makaratasi yao ni extracomunitario, yaani mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya, na kwa mdomo wao neno hilo silo la kumwita Mmarekani, ingawa kwa sheria naye ni huyohuyo.

Juni 2024, kadi ya miezi mitatu ilipotoka, nilimwambia mke wangu twende Paris, achague mwenyewe. Akasema anataka Gorizia. Tukarudi, tukavuka kwa miguu, tukanywa kahawa upande wa pili, tukarudi na treni ya jioni. Kahawa yenyewe ilikuwa mbaya.

Sasa swali, na nalileta kwa walioko Italia, si kwa wapiga soga: kuna aliyetumia wakili kuwaandikia barua ya kuwakumbusha zile siku 60? Ilisaidia, au ndiyo faili linawekwa chini kabisa? Na ulilipa kiasi gani? Mzee wa patronato anasema nijaribu, mke wangu anaogopa tutaonekana wakorofi. Jibuni hapa hapa, PM yangu imejaa watu wanaoomba niwatafutie kazi.

Nyongeza: Nimeona comments za "kama kubaya rudini". Tutarudi, mke wangu anamaliza Oktoba mwaka huu. Alama za vidole za bahasha ya tatu tumepangiwa tarehe 11 Machi. Kwa mwendo wao, hata hiyo safari ya kurudi moja kwa moja itabidi tulipe ya Doha.