Ushabiki wa chapa za ATV umeua majibu ya kweli kuhusu uimara wa mashine hizi

Wakuu, nimechoka, na leo nitasema bila kuzunguka. Kila mmiliki wa pikipiki ya magurudumu manne (ATV) anayeeleza kwamba mashine yake ina hitilafu hupokelewa na makundi mawili, na hakuna hata moja linalomsaidia. La kwanza ni la wenye chapa pinzani, ambao humwambia aiuze hiyo takataka anunue kama ya kwao. La pili, ambalo kwangu ndilo baya zaidi, ni la wenye chapa ileile, ambao humhakikishia kwamba mashine haina tatizo lolote bali yeye ndiye asiyejua kuendesha, au hakumwaga oili kwa wakati, au ameiingiza kwenye maji marefu kuliko inavyostahili. Swali aliloliuliza hubaki palepale bila kuguswa.

Yangu ilikuwa inaunguza mikanda, yaani ule mkanda wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Sitaitaja chapa, na ninafanya hivyo kwa makusudi kabisa, kwa sababu nikiitaja tu hakuna atakayesoma sentensi inayofuata. Nilieleza dalili zote kwa utaratibu: mashine ilianza kuteleza baada ya kupita kwenye maji yasiyofika hata kwenye vikanyagio, injini ikanguruma bila magurudumu kuongeza mwendo, kisha ikatoka harufu ya mpira ulioungua, na mkanda ulipotolewa ulikuwa unang'aa ubavuni kama uliopakwa nta. Nikaulizwa kama ninaweka gia ndogo ninapovuta mzigo. Ninaweka. Nikaulizwa kama nimefunga matairi makubwa kuliko yale yaliyotoka kiwandani. Sijafunga. Hapo maswali ya maana yakaisha, zikaanza hotuba za watu wanaomiliki mashine kama yangu tangu zamani na hawajawahi kuona mkanda ukikatika, na za wengine wanaoamini kwamba mwenye akili timamu hanunui kabisa mashine inayoendeshwa kwa mkanda.

Aliyelipata tatizo ni fundi ambaye hana chapa anayoipenda, wala sidhani kama anazipenda mashine hizi hata kidogo. Alifungua kasha la mkanda akaona kwamba sili ya kifuniko haikai sawasawa kwenye mfereji wake, hivyo maji yanapenya na kulowesha puli zinazouzungusha mkanda. Alipoagiza sili mpya, akaletewa yenye namba tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha spea cha mwaka wa mashine yangu, na kwa kuiangalia tu ilikuwa nene zaidi. Mtengenezaji, kwa hiyo, alikwisha kuubaini udhaifu huo, akaurekebisha kimyakimya kwa wanunuzi waliofuata, na sisi wa mwanzo akatuacha tuendelee kununua mikanda.

Hilo peke yake lingenikera kwa siku chache likapita. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni kwamba nilipoeleza kilichogunduliwa, wawili kati ya walewale walioniambia sijui kuendesha walikiri, tena bila aibu, kwamba na wao walishabadilisha sili hiyo. Mmoja alisema hakuona sababu ya kulitaja jambo dogo ambalo maadui wa chapa wangelitumia vibaya. Maadui wa chapa! Mtu amelipia mashine kwa fedha yake, ameiona ikiharibika, amenunua spea kwa fedha yake, na bado anajiona ana wajibu wa kumtunzia siri aliyemuuzia.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sijui kwa nini tunadhani watengenezaji wa ATV ni wagema wa aina nyingine. Tazameni yaliyotokea Marekani. Mwezi Aprili 2016 Polaris iliziita zirudi mashine za RZR 900 na RZR 1000 zipatazo 133,000 kwa sababu ya hatari ya kushika moto, na mwaka 2018 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 baada ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji kuituhumu kwamba ilichelewa kutoa taarifa za kasoro hizo. Najua kwamba RZR ni ya watu kukaa ubavu kwa ubavu na si ATV ya kupanda kama farasi, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha hapo. Ninachouliza ni hiki: wamiliki walioziona dalili za mwanzo waliambiwa nini na wenzao? Kama waliambiwa yale niliyoambiwa mimi, basi ushabiki ulichangia kuchelewesha taarifa ambayo ingeweza kuokoa ngozi ya mtu.

Nawaona wa chapa nyingine wameshaanza kutabasamu. Mwaka 2009 Yamaha nayo ilisimamisha mauzo ya Rhino 450 na 660 na kuwataka wamiliki wazirudishe kwa marekebisho ya bure, ambapo mafundi waliongeza spesa kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa fimbo ya kuzuia kulala upande, kwa sababu zilikuwa zikipinduka. Ukirudi nyuma zaidi, mkataba wa mwaka 1988 uliokomesha uuzaji wa mashine mpya za magurudumu matatu huko huko Marekani uliwahusu Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris kwa pamoja. Hakuna chapa yenye mikono safi kiasi cha kuwacheka wengine, na hakuna iliyo mbovu kiasi kwamba kila mwenye nayo ni mjinga.

Halafu kuna jambo linalonichekesha hata nikiwa na hasira. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, Suzuki LT-Z400, Kawasaki KFX400 na Arctic Cat DVX 400 zilikuwa mashine moja iliyovalishwa plastiki na rangi tofauti. Suzuki Twin Peaks 700, vivyo hivyo, ilikuwa Kawasaki Prairie 700 yenye jina jingine, na ATV za mwanzo za Arctic Cat zilitumia injini za Suzuki. Mpaka leo nakutana na watu wanaobishana kwa ukali kuhusu ipi kati ya zile tatu za cc 400 (ujazo wa injini) ina injini ya kudumu zaidi. Valvu ni zilezile, silinda ni ileile, giaboksi ni ileile, lakini mmoja anaapa kwamba ya kijani imemzidi mwenzake wa njano. Wakati mwingine nashindwa kujua kama nicheke au nizime simu.

Mabishano ya mkanda dhidi ya gia nayo yamejaa upotoshaji wa aina hiyo. Ni kweli kwamba Honda imeng'ang'ania giaboksi za meno katika ATV zake nyingi za kazi, na ni kweli kwamba asiye na mkanda hawezi kuunguza mkanda. Lakini wanaolirudia hilo kila siku hawasemi kwamba zile zinazobadilisha gia kwa vitufe vya umeme zina kihisi cha pembe, yaani kifaa kinachosoma mzunguko wa mhimili wa kubadilisha gia, kinachojulikana kwa kusumbua, na kikikataa vitufe hugoma kuingiza gia. Hawasemi pia kwamba wanailinganisha injini ya Honda ya cc 420 yenye nguvu zisizofika farasi 30 na Sportsman 850 ya Polaris ambayo mtengenezaji wake anaitaja kuwa na nguvu za farasi 78. Mashine inayotoa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu, ikaenda kasi zaidi na ikabebeshwa vibaya zaidi, itakula ekseli, beringi na bushi kwa kasi nyingine kabisa, hata kama zote mbili zingetoka kiwanda kimoja.

Mikanda yenyewe haifanani. Katika mifumo mingi puli huuachia mkanda injini ikiwa katika mwendo wa chini, kisha huubana mashine inapoondoka, na msuguano wa wakati ule wa kubana ndio unaozaa joto, hasa mtu akiondoka taratibu na mzigo mzito akiwa kwenye gia kubwa. Yamaha katika mfumo wake wa Ultramatic iliweka klachi tofauti na puli ili mkanda ubaki umebanwa muda wote, na ndiyo maana mikanda yake ina sifa ya kudumu. Hiyo ni sababu ya kiufundi ambayo mtu anaweza kuieleza, kuipima na hata kuipinga. Kusema tu kwamba Yamaha haifi, au kwamba Can-Am ni moto wa mabua, hakumwambii msomaji kitu chochote anachoweza kukifanyia kazi akiwa na spana mkononi.

Na hata anayekuja na takwimu zake huja nazo nusu. Anasema imetembea kilomita 1,000 bila kuguswa, basi imara. Kilomita 1,000 zilizotembewa kwa saa 40 za injini ni wastani wa kilomita 25 kwa saa, yaani njia nzuri na upepo wa kutosha kwenye rejeta. Kilomita hizohizo zikitembewa kwa saa 200 ni wastani wa kilomita 5 kwa saa, maana yake mashine ilikuwa ikikokota, ikisimama huku inanguruma, feni ikizunguka bila kupumzika na tope likiwa limeziba matundu ya rejeta. Oili, plagi na mkanda vinahesabu saa. Mtu anayenitajia kilomita bila saa hajaniambia kitu. Tena wengi wanaolalamika kuhusu ekseli kukatika husahau kusema kwamba wameinua mashine na kufunga matairi mazito, jambo linalofanya jointi za ekseli zifanye kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na wanaojisifu kwamba hazikatiki husahau kusema kwamba mashine zao hushinda bandani.

Lililo gumu zaidi kuvumilia ni kulinganisha umri. Mtu analeta mashine yake yenye kabureta, isiyo na usukani wa kusaidiwa na umeme wala kompyuta ya kupulizia mafuta, iliyotengenezwa miaka ya 1990, anaiweka mbele ya mashine ya mwaka jana ya chapa nyingine, na kutokana na hapo anatoa hukumu ya chapa nzima. Ile ya zamani iliyo hai leo ni mojawapo ya zilizosalia. Zilizokufa hazina wa kuzisemea, kwa sababu wenye nazo walishahamia kwingine. Kampuni iliyoitengeneza imeshabadilisha injini, wauzaji wa vipuri na pengine hata kiwanda. Sifa ya mzee haihamishiwi kwa mjukuu kwa kubandika nembo ileile kwenye tangi.

Kwa hiyo katika uzi huu nataka kitu kimoja tu. Atakayekuja kuzungumzia uimara wa mashine yake, aanze na mwaka wa toleo, saa za injini, kazi inayofanya na matairi iliyofunga, aseme ni kifaa gani kilichoharibika, kilikuwa na namba gani ya spea na kipya kimekuja na namba gani. Jina la chapa aliweke mwisho, likiwa na ulazima. Wenye mashine za mkanda wafungue kifuniko, waitazame sili ilivyokaa kwenye mfereji wake, kisha waseme walichokiona, hata kama kinaiaibisha chapa waliyochora kwenye kofia zao. Na wale wawili niliowataja hapo juu, ambao walijua na wakanyamaza, wanajijua. Nawasubiri hapahapa watuambie ni vifaa gani vingine walivyobadilisha kimyakimya.