Ugavana California: wagombea utitiri, nimpe ninayempenda au anayeweza kupita?

MamaTariq

Wakuu, heshima kwenu. Niko Sacramento, nimeapa uraia mwaka jana, na Juni 2 mwaka huu wa 2026 ndiyo kura yangu ya kwanza huku. Gavana Newsom anamaliza vipindi vyake viwili, haruhusiwi kurudi, kwa hiyo kila mwenye jina kajitosa. Katie Porter, Xavier Becerra, Villaraigosa aliyekuwa meya wa Los Angeles, Betty Yee, Thurmond wa elimu, Steyer na mabilioni yake. Hao ni Wademokrat. Upande wa pili, wa Republican, Steve Hilton na Bianco, sherifu wa Riverside. Na hao ni wale ninaowakumbuka tu. Kuna walioingia wakatoka, kuna waliohamia kugombea viti vingine, nimeacha kufuatilia.

Mgombea wangu ninaye na sababu zangu ninazo, simtaji hapa tusije tukagombana. Natunza wazee, zamu ya usiku, na wenzangu kazini wananiambia nikimpa huyo kura nimeitupa, hapiti. Kwetu Tanzania chama kinamalizana na watu wake kwanza, mpiga kura analetewa mmoja. Hapa wamewapanga wote kwenye karatasi moja bila kujali chama. Hesabu yake ikoje?

Kamau_Oakland

Dada, usijisumbue. Mpe unayempenda. Huu ni mchujo tu, kazi yenyewe ni Novemba. Na hili ni jimbo la Wademokrat, kwa vyovyote mmoja wao atakuwepo.

MzeeWaBahasha

Kamau, hapo umemwelekeza dada shimoni.

MamaTariq, sheria hii wananchi waliipitisha kwa kura mwaka 2010: wanaosonga mbele ni wawili waliopata kura nyingi, basi. Wakiwa wa chama kimoja, ni hao hao. Novemba huruhusiwi hata kuandika kwa mkono jina la mwingine, halihesabiwi.

Sasa piga hesabu ya mfano. Wademokrat wote kwa pamoja wapate asilimia 60, lakini wako wanane na wanagawana sawasawa: kila mmoja ana 7.5. Warepublican wapate 36, wako wawili: 18 kila mmoja. Wengi wameshindwa na wachache wamepita wote wawili. Hakuna aliyeiba kura hata moja.

Usidhani ni nadharia. Mwaka 2012, jimbo la 31 la Bunge la Marekani, kule San Bernardino, Wademokrat walikuwa wengi kwenye daftari. Wakasimamisha watu wanne. Warepublican wawili, Gary Miller na Bob Dutton, wakachukua nafasi zote mbili, na Novemba Miller akaenda Washington. Pete Aguilar, aliyeachwa nje siku ile, alirudi 2014 akashinda, na hapo napo mchujo aliuvuka kwa tundu la sindano. Kwa ugavana haijawahi kutokea: 2018 walikuwa wagombea 27, wakapita Newsom na Mrepublican John Cox. Lakini Newsom alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Safari hii sijamwona wa namna hiyo, na ndiyo maana wenzako kazini wana wasiwasi.

Kwa hiyo jibu langu: mpende umpendaye, ila usikimbilie posta. Kaunti zinaanza kutuma karatasi siku 29 kabla, yaani Mei 4, na kila mpiga kura aliyejiandikisha anatumiwa. Kaa nayo. Katika wiki hizo nne kuna watakaokata tamaa na kumwachia mwenzao, lakini majina yao yatabaki palepale kwenye karatasi, hayafutwi. Ukishatuma ya mtu aliyejitoa, imekwenda. Mwisho mwisho angalia: wako yuko karibu na wawili wa juu? Mpe. Yuko mkiani na unaogopa matokeo kama ya San Bernardino? Hapo amua mwenyewe, mimi siwezi kukuamulia.

Jambo jingine, matangazo ya televisheni. Ukiona tangazo linamshambulia mtu kwa kumwita mhafidhina kupindukia, tazama mwishoni nani kalilipia. Mwaka 2024 kwenye kiti cha seneti, kampeni ya Mdemokrat Adam Schiff ilimtangaza sana Mrepublican Steve Garvey kwa mtindo huo, wapiga kura wa Republican wakamkimbilia, na Porter akaachwa wa tatu. Schiff alimtaka Garvey Novemba, kwa kuwa hapa Mrepublican ni rahisi zaidi kumshinda, akampata. Mimi siupendi mchezo huu, lakini unafanya kazi.

Kamau_Oakland

Sawa mzee, nimenyamaza. Ila 2003 walipomng'oa gavana Gray Davis waliogombea walikuwa 135 na Schwarzenegger akashinda bila haya yote.

MzeeWaBahasha

Ile haikuwa na raundi ya pili, bwana. Aliyeongoza ndiye aliyechukua.

MamaTariq

Asante sana mzee wangu, sasa nimeelewa kwa nini wanahangaika. Majina yatakuwa mengi, wifi yangu wa Fresno anasema nitafute la juu kabisa, eti ndiye chaguo la serikali.

MzeeWaBahasha

Hapana. Herufi za kupangia majina zinapigwa kura ya bahati, na mpangilio unazunguka kutoka wilaya moja ya bunge la jimbo hadi nyingine. Wa kwanza kwake huenda kwako akawa katikati.

Nimefanya kibarua kwenye uchaguzi wa kaunti, meza ya bahasha, nikuambie ninayoyajua. Orodha ikiwa ndefu inavuka safu ya pili, wakati mwingine ukurasa wa pili. Mwaka 2016 kiti cha seneti kilikuwa na wagombea 34, na watu wengi wakadhani kila safu ina wake: wakaweka alama huku na huku. Kura ya kiti hicho ikaharibika. Weka wino kwenye duara moja tu kwa ugavana, hata kama safu ni tatu.

MamaTariq

Na saini? Ya leseni nilisaini haraka haraka, ya uraia nilisaini jina zima.

MzeeWaBahasha

Bahasha yako inalinganishwa na saini walizonazo kwenye faili lako, leseni ikiwemo. Isipofanana hawaitupi, ni lazima wakutafute uirekebishe, basi usipuuze barua wala simu ya kaunti. Na ukifika Juni 1 bado unayo mkononi, usiiachie posta. Muhuri lazima uwe wa siku ya uchaguzi au kabla, na siku hizi unaweza kutumbukiza leo wakapiga muhuri kesho. Peleka kwenye sanduku la kaunti.