Mafundi wa visima, acheni kung'oa pampu za watu bila kupima!

Wakuu, uzi huu ni wa mafundi wa pampu za visima virefu wa Dar na Pwani, na wauza pampu nao wausome. Maji yakikatika, fundi anafika mikono mitupu, hana mita wala mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye waya au mota). Anasikiliza mlio kidogo, anatamka "mota imeungua, mama", na kabla jua halijazama bomba lote liko uani na mwenye nyumba anatafuta hela ya pampu mpya. Kumbe kilichokufa ni kapasita, kidude cha kuisaidia mota kuanza, kilichomo kwenye kontroli boksi ukutani, kinachobadilishwa kwa bisibisi!

Pampu ya HP 1 ya umeme wa nyumbani, yaani kilowati 0.75, haianzi bila kapasita. Nyingi hutumia ya mikrofaradi 35, ila namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye kibati cha mota au ndani ya boksi. Kapasita ikichoka, mota inaunguruma bila kuzunguka, inavuta umeme mara nne au tano ya kawaida, kisha ovalodi (swichi ya kuilinda mota) inakata. Impela (mapanga ya pampu yanayosukuma maji) zikikwama kwa mchanga, dalili ni hizo hizo. Sasa wewe fundi unazitofautishaje kwa masikio? Zima umeme, maliza chaji iliyobaki kwenye kapasita, ipime. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 au imevimba, badilisha, washa tena, ndipo tuongee.

Kapasita ikiwa nzima, bado hujaruhusiwa kushika kamba. Chomoa nyaya tatu zinazoshuka kisimani, pima ukinzani kati ya kila mbili. Kipimo kikubwa lazima kikaribie jumla ya vile viwili vidogo: ukipata omu 4 na omu 7, cha tatu kiwe 11 hivi. Mita isiposoma kitu kabisa, kuna waya au koili iliyokatika. Halafu leta mega ya volti 500, pima kila waya na ethi. Mota iliyo majini ikisoma megaomu 2 kwenda juu, iacheni huko huko chini. Ikisoma chini ya 0.5, hapo kweli itolewe, lakini ikishafika juu kata kiungo cha waya na upime mota peke yake kabla hujaihukumu. Kiungo kilichoingia maji kinatoa kipimo kibaya vile vile.

Na kama inazunguka lakini tanki halijai? Klampu mita, ile ya kubana waya na kusoma ampea, itakwambia. HP 1 huvuta takriban ampea 6. Ikivuta pungufu sana, ama maji yameshuka chini ya pampu, ama shafti imekatika, ama impela zimelika. Ikivuta kawaida na maji hayafiki juu, weka sikio kwenye mdomo wa kisima. Ukisikia maji yanamwagika ndani ya kesingi (bomba kubwa la ukuta wa kisima), bomba limepasuka au kiungo chake kimeachia. Hapo bomba linatoka, sawa, lakini pampu ile ile inarudi kisimani!

Nyie wauzaji nanyi. Boksi la pampu mpya limeandikwa mita 80, lita 4,000 kwa saa, na mnamwambia mteja atapata vyote viwili. Havipatikani pamoja hata siku moja. Kwenye mita 80 pampu hiyo inatoa sifuri. Hizo lita 4,000 ni pale ambapo haipandishi maji popote. Mteja aulizwe maji yanakaa mita ngapi wakati wa kuvuta, siyo kisima kina urefu gani. Yakiwa mita 45, mnara wa tanki mita 6, msuguano wa bomba tuseme mita 4, jumla ni 55. Fungua jedwali la pampu, soma inatoa lita ngapi kwenye 55, umuuzie kwa hesabu hiyo. Vipimo vya maji viko kwenye ripoti ya mchimbaji, na kila mwenye kisima anatakiwa kuwa nayo.

Waya ndio umenifanya nifungue uzi. Tuseme toka kwenye kontroli boksi hadi kwenye mota ni mita 80, kwenda na kurudi 160. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5, ampea 25 za kuanzia zinapoteza volti 47 njiani. Jioni umeme umeshuka hadi volti 200, mota inabaki na 153, na nguvu ya kuanza inakuwa chini ya nusu ya kawaida. Kwa milimita 2.5 zingepotea 28. Halafu kuna waya unaouzwa kama shaba na si shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu tu. Mrudishie mwenyewe dukani.

#2 Bisibisi77
Mkuu, ongeza habari ya kiungo cha waya. Kuzungusha selotepu ya umeme halafu unazamisha mita 50 ni kuua mota ya mtu. Kila waya uungwe kwa ferulo (kibomba kidogo cha chuma) ya kubana, ufunikwe na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, na viungo vitatu vipishane visikae sehemu moja. Kabla ya kushusha, tumbukiza kiungo kwenye ndoo ya maji saa moja, piga mega hapo hapo. Na msivute pampu kwa waya wa umeme! Bomba la milimita 40 likijaa maji linabeba kama lita 0.8 kila mita, kwa hiyo mita 60 ni karibu kilo 50 za maji tu, pampu na bomba bado. Katani inaoza. Weka nailoni ya milimita 12 au kamba ya chuma kisichoshika kutu.

#3 Mchanga_wa_Kigamboni
Wengine wanashusha pampu mpaka inakalia tope eti ipate maji mengi. Mota inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, ukiizika kwenye tope inapika koili zake. Iache mita 2 au 3 juu ya sakafu ya kisima, usawa wa kesingi isiyo na matundu. Ikilazimika kukaa chini ya skrini (sehemu ya kesingi yenye matundu ya kuingiza maji), ivalishwe ganda la bomba ili maji yapite kwenye mota kwanza. Pia fungeni elektrodi (vihisio vya maji) kisimani za kuzima pampu maji yakiisha, floti (boya) ya tanki peke yake hailindi pampu na ukavu.

#4 Bisibisi77
Na mkimaliza, osheni kisima. Kamba na bomba vimelala uani siku nzima na kushikwa na mikono ya kila mtu. Kesingi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 125 ina lita 12.3 kila mita. Mita 40 za maji ni kama lita 490. Gramu 35 za klorini ya asilimia 70 zinatosha. Zikoroge kwanza kwenye ndoo, mimina, acha usiku kucha, kisha vuta maji yamwagike nje mbali na mimea mpaka harufu iishe. Tanki lifunguliwe baada ya hapo.