Naomba ushauri: mabango ya zamani ya harakati yana selotepu na mikunjo, nina wiki mbili tu

Sanduku la Bati:
Wakuu, habari za majukumu. Nina mabango kama arobaini ya harakati, mengi ya miaka ya 1960 hadi 1980: mshikamano na Vietnam, kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, migomo ya wafanyakazi, na machache ya Cuba yenye maandishi ya Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Karatasi imekuwa rangi ya majani makavu, ukiikunja kona inakatika. Mengine yamezibwa selotepu iliyogeuka kahawia. Nataka nibandue selotepu, ninyooshe mikunjo kwa pasi, halafu nipige lamineshini yote. Nina wiki mbili. Mwenye ujuzi anisaidie, usingizi sipati.

Bi Makabrasha:
Lamineshini usithubutu. Joto linayeyusha gundi inaingia ndani ya karatasi, na ikishaingia hutaitoa. Pasi nayo weka chini: wino wa skrini, ule unaochapwa kwa kusukumwa kupitia kitambaa cha wavu, hukaa juu ya karatasi kama ngozi nene, ukipata joto unaweza kunata au kupasuka. Selotepu iliyojiachia yenyewe iondoe, inayong'ang'ania muachie fundi wa nyaraka.

Ya Cuba mikunjo usiihangaikie. OSPAAAL, shirika la mshikamano na watu wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, ilianzishwa Havana mwaka 1966, na mabango yake mengi yalikunjwa ndani ya jarida la Tricontinental yakasafiri kwa posta. Mkunjo ule ni sehemu ya historia yake.

Yalaze bapa, gizani, mbali na unyevu, kila moja ndani ya karatasi isiyo na asidi. Weusi na ukavu huo unatoka ndani: karatasi ya bei ya chini ina lignini, kitu kinachotoka kwenye mti, na asidi inaitafuna taratibu. Hutaizuia, utaichelewesha. Ila nakuuliza, mkuu, wiki mbili za nini?

Mzee wa Fremu:
Mimi nilikuwa na bango moja la mgomo, jekundu kama damu. Nikaliwekea fremu ya kioo nikalitundika mkabala na dirisha, kila anayeingia alione. Miaka mitatu, jekundu likawa waridi. Siku nilipolitoa, pembezoni palipofichwa na fremu pamebaki rangi ileile ya siku ya kwanza. Nilikaa chini. Jua halina huruma, ndugu yangu.

Sanduku la Bati:
Asanteni. Wiki mbili ni kwa sababu kuna mtu anakuja kuyaona.

Bi Makabrasha:
Kuyaona, au kuyanunua?

Sanduku la Bati:
Kuyanunua. Na kianzio nimeshapokea. Kabla hamjanihukumu: paa langu linavuja, ukungu umeshaanza kwenye matano, yeye ana chumba chenye ubaridi na makabati. Bora yaishi kwake kuliko yaoze kwangu. Tena anayajua, kuna la Paris la Mei 1968, rangi nne, lina saini ya msanii, alilikodolea macho peke yake nusu saa.

Mwana wa Mgomo:
Wale wa Atelier Populaire, karakana ya wanafunzi na wasanii waliochapa mabango ya maandamano na migomo ya Paris 1968, walisema waziwazi kwamba mabango yao si mapambo. Ni silaha, mahali pake ni barabarani na viwandani. Leo tunayapeleka sebuleni kwa matajiri. Watu walipigwa virungu wakiyabandika! Thami Mnyele, msanii wa Afrika Kusini wa kundi la Medu lililokuwa uhamishoni Botswana, aliuawa Juni 1985, jeshi la Afrika Kusini lilipovamia Gaborone usiku. Halafu sisi tunapokea kianzio.

Pili Pili:
Sasa ndugu, silaha ikiliwa na mchwa inapigana vipi? Kuuza si dhambi. Dhambi ni kuficha. Hapo mimi naangalia mnunuzi ataonyesha watu au atafungia.

Kipimo:
Wakuu, hii ni chai. Mabango ya Atelier Populaire yalifanywa kwa pamoja na hayakuwekwa saini ya mtu. Mengi ni ya rangi moja, kwa sababu walichapa usiku kucha yabandikwe alfajiri. Rangi nne na saini? Tia picha, mbele na nyuma. Bila picha hakuna sanduku.

Mzee wa Fremu:
Nami nilianza kushtuka pale kwenye pasi. Mtu mwenye mabango arobaini hajui pasi?

Sanduku la Bati:
Sijadanganya. La Paris nilinunua mwenyewe, baadaye, nikalitia humo ili mzigo uonekane mkubwa. Labda ni nakala. Mengine siyo yangu. Ni ya mzee mmoja, alikuwa mpiga skrini wa chama chao. Alipougua aliniletea akasema nikae nayo mpaka binti yake arudi. Mzee alifariki.

Pili Pili:
Na binti?

Sanduku la Bati:
Yupo. Tunasalimiana sikukuu. Hajawahi kuyauliza, nami nimeyatunza miaka kumi na moja bila msaada wa mtu.

Bi Makabrasha:
Kutunza hakukupi haki ya kuuza, kaka. Rudisha kianzio leo. Halafu mkae wewe na binti mchague. Kuna mahali pa kuuliza: Center for the Study of Political Graphics kule Los Angeles ina mabango zaidi ya 90,000 na huyatoa kwenye maonyesho, na International Institute of Social History ya Amsterdam inakusanya nyaraka za harakati tangu 1935. Mkusanyo wa Michael Rossman, mwanaharakati wa Marekani, mabango zaidi ya 20,000, leo uko Oakland Museum of California. Mahali pa namna hiyo binti ataweza kuingia na kuyaona ya baba yake.

Yale matano yenye ukungu yatenge na mengine usiku huuhuu. Ukungu unahama.

Kipimo:
Na migongo usisahau. Picha za migongo bado nazisubiri.

Sanduku la Bati:
Nimeyageuza yote sasa hivi, nimemaliza moja moja. Mengi yana vipande vya chokaa vya ukuta vimeganda na gundi, na tarehe kwa mwandiko wa mzee. Moja la kupinga ubaguzi, ngumi iliyoinuliwa, halina chokaa kabisa. Halikubandikwa popote. Nyuma kuna penseli, mwandiko wa mtoto, herufi zinapanda na kushuka: "Baba hili usibandike ni langu."

Picha sitaweka kwanza. Nampigia.

Bi Makabrasha:
Mpigie. Na hayo ya penseli usiyafute, hata ukiambiwa ni uchafu.