Nairobi: injini za reli zimewekwa makumbusho, na Muthurwa je?

Mpanda Behewa:
Mradi wa Nairobi Railway City, wa kujenga upya eneo la stesheni kuu ya reli, unagusa ekari 425, kati ya Haile Selassie Avenue, Uhuru Highway na Bunyala Road. Kila nikiuliza kuhusu historia najibiwa, "Si makumbusho ya reli yapo?" Jibu hilo halinitoshi.

Makumbusho yenyewe nayapenda. Yapo tangu 1971. Mna behewa ambalo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900, akamuua afisa wa polisi Charles Ryall na kutoka naye dirishani. Pale uani imesimama Mount Gelai, injini nambari 5918, magurudumu 28. Nilimwambia mwanangu ayahesabu, akapotea njiani mara mbili. Lakini nani alikuwa akikaza nati zake? Watu wa Muthurwa na landi nyinginezo, yaani mitaa ya nyumba za wafanyakazi wa reli: chumba kimoja, bomba nje, choo cha kushirikiana. Jiji hili lilianza 1899 kama kambi ya reli. Kuhifadhi chuma na kubomoa makazi ya mafundi ni kukumbuka nusu.

Mjukuu wa Fundi:
Babu alilea watoto sita katika chumba kama hicho. Mwambie ni urithi uone atakavyokucheka. Wanaozililia nyumba hizi mara nyingi ni wale ambao hawakuwahi kupanga foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri.

Hesabu Kwanza:
Na mwenye mali mmemsahau. Muthurwa ilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Ubomoaji ulipoanza 2010, wapangaji walikwenda kortini, na 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimekiukwa. Sasa, Mpanda Behewa, "watu wa reli" wako ni wapi hapo: mzee anayengoja pensheni, au mama anayeogopa tingatinga?

Mpanda Behewa:
Hapo umenibana. Wote wawili, na ndiyo maana sidai mtaa mzima. Safu moja tu ibaki, na kitanda chake, jiko la makaa na bomba lake pale nje. Kwingine kujengwe, wazee walipwe, wapangaji wapewe pa kwenda kabla ukuta wa kwanza haujaguswa.

Mjukuu wa Fundi:
Safu moja sina neno. Ila maelezo ya ukutani waandike waliokaa humo. Na choo msikipake rangi.