Naomba ushauri: huduma inarukwa kwa sababu diski imechelewa

Jambo wakubwa na wadogo. Seva ya Debian 12 (aina ya Linux) hapa Goma: umeme ukirudi inajiwasha yenyewe, ila huduma inayopokea nakala rudufu haianzi. Kwenye [Unit] ya faili yake ya systemd (programu inayoanzisha huduma) kuna ConditionPathIsMountPoint=/mnt/nakala (ianze tu kama diski imeunganishwa hapo) na After=local-fs.target (ingoje mifumo ya faili ya ndani iunganishwe). systemctl status inaonyesha inactive (dead), sharti halikutimia, basi; hakuna kosa. Diski ya USB inachelewa kuamka, na kwa kuwa fstab (orodha ya diski za kuunganisha) ina nofail (mfumo uendelee kuwaka hata diski ikikosekana), local-fs.target haiingoji. Sharti nalo hukaguliwa mara moja tu, huduma inapotaka kuanza.

Nimejaribu AssertPathIsMountPoint= (sharti lilelile, ila lisipotimia linahesabiwa kosa). Sasa kosa linaonekana kwenye kumbukumbu za mfumo, journalctl (afadhali, kuliko kurukwa kimyakimya), ila huduma bado haianzi. Restart=on-failure (ianzishwe upya ikishindwa) haisaidii, maana hakuna mchakato uliowahi kuanza ukafa.

Niweke RequiresMountsFor=/mnt/nakala (ihitaji diski iunganishwe kwanza), ama WantedBy=mnt-nakala.mount (ianzishwe diski inapounganishwa), ili ianze hata diski ikichelewa dakika kadhaa? Pili, huduma ya ripoti inaitegemea hii kwa Requires=, na inaanza hata hii ikirukwa. BindsTo= (utegemezi mkali kuliko Requires=) pamoja na After= itaizuia bila kuleta shida nyingine?

Asanteni.