Naomba ushauri: pikapu ya zamani yenye kutu chini, je, inafaa kununuliwa?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Nimepata pikapu ya zamani ambayo injini yake inawaka vizuri na bodi haina mkwaruzo, lakini nilipoingia uvunguni niliona paipu za breki zimevimba kutu zinapopita juu ya tangi la mafuta, na chesisi inabanduka magamba pale springi za nyuma zinaposhikwa. Muuzaji anasema ni kutu ya juujuu, na ameahidi kuipaka rangi nyeusi kabla ya kunikabidhi. Je, niendelee?

Spana Mkononi
Mzuie asipake chochote kwanza. Rangi mbichi uvunguni mwa gari kuukuu hunitia shaka kuliko kutu yenyewe, kwa sababu kutu angalau unaiona. Chesisi ya boksi, yaani yenye uwazi ndani, huliwa kuanzia ndani, ambako tope na chumvi hukaa baada ya matundu ya kutolea maji kuziba, kwa hiyo igonge kwa nyundo hatua kwa hatua: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa mlio mzito na wakati mwingine nyundo huzama.

Fundi Breki
Mimi ningeanza na hizo paipu. Paipu iliyoliwa huweza kuhimili breki za kawaida kwa muda mrefu, kisha ikapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu zote kukwepa ajali, maana hapo ndipo shinikizo huwa kubwa kupita kawaida. Pedali huzama, na ingawa mfumo wa breki umegawanywa sehemu mbili ili moja ibaki ikifanya kazi, gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipofunga uchunguzi wake kuhusu paipu zilizooza kwenye pikapu na magari mengine makubwa ya zamani, iliwashauri wamiliki wabadilishe seti nzima badala ya kipande kinachovuja. Nami nasema hivyohivyo. Zilizobaki zina umri uleule. Ukiweka za mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazitashika kutu. Muuzaji akikuambia aziunge kwa mpira na klipu, ondoka.

Mleta mada
Asanteni. Na chesisi, haiwezi kuchomelewa?

Spana Mkononi
Inawezekana iwapo kuna chuma kizima pande zote za tundu. Kiraka kilichochomelewa juu ya chuma chembamba hupasuka pembeni mwake, na pale springi inaposhikwa ndipo mzigo wote unapotua; ikiachia, ekseli ya nyuma huhama na gari hukosa mwelekeo. Tangi lishushwe kabla ya kuchomelea, si kufunikwa kwa gunia lenye maji nilivyowahi kuona.

Mama Pikapu
Niongeze tairi la akiba, ambalo wengi hulisahau. Mwaka 2009 Toyota iliagiza pikapu zake za Tundra za 2000 hadi 2003 nchini Marekani zirudishwe kurekebishwa kwa sababu membari ya nyuma, yaani chuma cha kukatiza chesisi kinachobeba tairi la akiba, ilioza kwa kutu kiasi kwamba tairi hilo lingeweza kudondoka barabarani. Tikisa tairi, kisha kagua mikanda ya tangi.

Mleta mada
Nimemwomba muuzaji gari lipandishwe kwenye lifti likiwa halijapakwa rangi, fundi wangu akiwepo. Amesema atafikiria.

Fundi Breki
Akikataa, umeshapata jibu. Akikubali, usiliendeshe kwenda huko, livutwe.